Vitufe vya Muziki Vilivyomharibia Dada Yako Usaili

Kwa Ndugu Shemeji,
Fundi wa Kompyuta wa Ukoo Mzima (kwa Kujiteua Mwenyewe),

KUHUSU: MALALAMIKO RASMI DHIDI YAKO NA MFUMO WAKO

Shemeji yangu mheshimiwa,

Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili. Hali ya roho utaisoma huko chini. Kama nawe u mzima, basi furahia sasa hivi, kabla hujafika namba moja.

Ningekupigia simu, lakini dada yako amepiga marufuku jina lako kutajwa ndani ya nyumba hii, na mimi sina ubavu wa kulitaja hata uani. Tangu usaili wake uharibike, ameapa kwamba harusini kwako hatatia mguu, na wewe unamjua dada yako akishaapa. Kwa hiyo naomba uyapokee malalamiko yafuatayo, niliyoyapanga kwa namba ili usije ukasema hukuelewa.

1. Ulipokuja kututembelea, ulizikuta kompyuta zetu mbili, yangu ya sebuleni na ya dada yako ya chumbani, zikijikokota. Ukasema dawa yake ni Linuks. (Niwie radhi kwa tahajia, sababu iko namba tatu.) Ukazifuta zote mbili, ukaweka huo mfumo wako, ukanywa chai, ukaenda zako. Sikatai kwamba ziliamka. Nalalamikia kauli yako, uliyoitoa mbele ya mke wangu na watoto wangu, kwamba kuanzia siku hiyo kila kitu kitafanya kazi chenyewe. Shemeji, mtu mzima anayekaribia kuoa hasemi "chenyewe".

2. Kazi yangu unaijua. Nasikiliza rekodi za mikutano ya watu na kuandika kila kilichosemwa. Wajumbe wakisema kwa mpigo, narudisha nyuma. Mwenyekiti akimumunya maneno, naongeza sauti. Kwa ajili hiyo nilinunua kibodi isiyo na waya, yenye vitufe vya muziki vya kila namna: cheza, simamisha, rudi nyuma, pandisha sauti, nyamazisha. Herufi naendelea kuziandika kwa kibodi yangu ya zamani, maana imeshavijua vidole vyangu kama kandambili inavyoujua mguu. Ile mpya inakaa mkono wa kushoto, kwa vitufe vya muziki tu.

Niliijaribu kwanza kwenye kompyuta ya dada yako, kwa kuwa ya kwangu ilikuwa bado inajisasisha. Kule ilitii kila nilichobonyeza, mpaka nikapiga mluzi. Nikaichukua kibodi yangu, kifua mbele, hadi sebuleni, nikaketi, nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena, kwa adabu. Kimya! Mfumo mmoja, fundi mmoja, paa moja, halafu kompyuta ya mke inatii na ya mume inagoma. Huu ni ubaguzi, shemeji, na umefanywa na mtu wa upande wa mke.

3. Usidhani nilikaa tu. Niliingia kwenye mipangilio, nikaenda sehemu ya kibodi, kama ulivyonielekeza. Mfumo ukaniambia nibonyeze kitufe ninachotaka kukipa kazi. Nikabonyeza. Ukaniambia nibonyeze. Nikabonyeza kwa kidole gumba. Ukaniambia nibonyeze. Tukabaki tunatazamana. Nikafungua lile dirisha jeusi, nikanakili humo amri za watu wa mtandaoni nisiowajua, ambao kila mmoja anaanza kwa kumtukana aliyetangulia, na hakuna iliyosaidia.

Basi nikatumia akili yangu mwenyewe, na hapo ndipo ungenizuia kama ungekuwa shemeji mwema. Niliwaza hivi: kwenye kibodi ya zamani kuna herufi mbili, Q na X, ambazo Kiswahili hakina shida nazo. Zinakula nafasi bure. Nikaamuru ya kwanza ipandishe sauti na ya pili inyamazishe. Nilijiona mvumbuzi, nikazunguka sebuleni nimeshika kiuno. Kumbe jina la mfumo wenyewe linaishia na hiyo ya pili! Kila nikitaka kuliandika, herufi haitoki na mwenyekiti wa kwenye rekodi anakatika katikati ya sentensi. Hapo juu zote mbili nimezinakili kutoka kwingine nikazibandika, huku jasho linanitoka. Nywila ya barua pepe yangu nayo ina hiyo ya kwanza, ndiyo maana barua hii utaipata kwenye karatasi.

4. Hapa ndipo pazito. Dada yako ameuguza watu tangu hujaota ndevu, na safari hii alifikia kuitwa kwenye usaili wa muuguzi mkuu, kwa video. Kompyuta juu ya meza ya kupigia pasi, sare imenyooka, mlango umefungwa. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta, nimetulia kama mume mwema. Kwa kumheshimu sikugusa kitu chochote chenye sauti. Nilijiliwaza tu kwa kubonyeza vile vitufe vyangu vibovu, nikijua havitamsumbua mtu.

Kompyuta yake ikapandwa na wazimu. Sauti za wajumbe wa usaili zikapaa mpaka mwenyekiti wa jopo akawa kama anaendesha mnada, halafu zikakatika kabisa. Dakika hiyohiyo akaulizwa udhaifu wake mkubwa katika kazi ya uuguzi ni upi. Naye akasogeza uso kwenye kamera akasema: Sisikii. Wakauliza tena. Akasema kwa msisitizo: Jamani, sisikii kabisa. Katibu wa jopo ndiye aliyetusimulia baadaye kwa simu, na nilisikia jinsi alivyojitahidi asicheke. Sauti iliporudi, dada yako akaanza kueleza kwa upole namna ya kukaa na familia iliyofiwa, na papo hapo mkanda wake wa video ya mazoezi, aliokuwa ameuacha wazi kwenye kompyuta hiyohiyo, ukaanza kucheza, yule mwalimu akafoka: Nyanyua goti! Nyanyua goti, mama, usitudanganye! Jopo likashukuru, likaaga.

Alitoka chumbani na sare yake akaenda jikoni, akaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Iliniuma, shemeji. Alikuwa ameshaanza kusema "wodi zangu". Nikataka kumpa mtu wa kumlaumu, nikamwambia: Ni ule mfumo wa mdogo wako. Tangu hapo hujatajwa.

5. Ushahidi ninao. Siku ileile, saa ileile, mashine zote mbili ziliugua: yangu ilikataa kupandisha sauti, na ya dada yako ikapandisha bila kuombwa. Yangu ilikataa kunyamaza, yake ikanyamaza. Hata asiye mtaalamu anaona kwamba huo ni ugonjwa mmoja, na aliyeuleta ni mmoja.

6. Heshima yangu. Mwanamume asiyetiiwa na kitufe atatiiwa na nani? Watoto wameshaanza kuniambia nisubiri. Leo ni watoto, kesho ni wenye rekodi zao, na keshokutwa nchi itajaa akina baba wanaobonyeza bila kujibiwa. Usiseme hukuonywa.

Kwa hiyo nadai: ukiri kosa lako kwa maandishi; uje umpigie dada yako magoti, palepale jikoni; uvuliwe cheo cha fundi mbele ya kikao cha ukoo; na waliotengeneza Linuks, popote walipo, wateue mjumbe aje akae sebuleni kwangu mpaka kitufe kisikie. Hadi hapo, najiuzulu ile kazi uliyonipa ya kusimamia muziki siku ya harusi yako. Tafuta mwingine mwenye mkono kama wangu, tuone.

Msalimie sana mama mkwe na umwambie asiuchoshe mguu. Msalimie mchumba wako, na yule jirani yako fundi bomba anayecheka peke yake. Wote waliokuuliza habari zangu waambie sijambo, na waliokaa kimya wasalimie vilevile.

Wako katika ukoo, lakini si katika teknolojia,

Shemeji yako,
Mwandishi wa Mikutano

Nyongeza: Nilipoweka nukta ya mwisho nilisikia raha, nikabonyeza kitufe cha kucheza muziki, mazoea tu. Chumbani kukafoka: Nyanyua goti! Nikabonyeza tena. Kimya. Nikabonyeza tena. Goti, mama!

Shemeji, nikakimbilia chumbani. Ubavuni mwa kompyuta ya dada yako kuna kidude kidogo kama ukucha, ndicho kinachopokea amri za kibodi yangu mpya. Nilikichomeka mwenyewe siku ile ya majaribio, nikakiacha hapohapo. Yote niliyobonyeza sebuleni nilimbonyezea yeye. Ningejaribu kuandika japo herufi moja kwa kibodi ile, ningejua.

Nilipogeuka, yuko mlangoni. Aliyoyasema siwezi kuyaandika kwenye barua inayopita kwa mama mkwe. Kisha akanipa simu, nikampigia katibu wa jopo na kueleza yote, naye akaiweka kwenye spika wajumbe wasikie. Safari hii hakuna aliyejitahidi kutocheka. Usaili utarudiwa, kwa sharti kwamba mume awe nje ya nyumba.

Nilitaka kuifuta barua hii. Dada yako amekataa. Anataka uipate nzima, ili ujue ulisingiziwa nini na ni nani aliyekusingizia. Madai yote ya hapo juu yananihusu mimi, na magoti nimeshapiga, palepale jikoni. Linux haina kosa. Unaona, hata herufi zake nimeziachia.

Harusini anakuja. Ameshatoa nguo kabatini anaijaribu, na ananiuliza kwa nini hupigi simu, kana kwamba si yeye aliyekupiga marufuku. Mpigie leo, shemeji. Nami nilimwomba anirudishie ile kazi ya muziki, akanitazama weee, akasema nitagawa maji.