Kona ya Thelathini na Nane Nukta Sita

Jumatatu, 3 Machi
Ajira ya kudumu maabarani ni moja. Sisi wawili: mimi, na dada wa meza ya pili ninayemwita Bi Desimali, maana hajawahi kutaja namba nzima. Profesa anataka grafu Ijumaa. Tupime mshikamano wa kikwanta wa atomi zetu, yaani jinsi zinavyofungamana, huku tukiongeza nguvu ya sumaku kidogo kidogo. Pale mstari unapovunjika ghafla na kufanya kona, ndipo atomi zinapobadili awamu, kama maji yanapogeuka barafu. Atakayepaonyesha anaajiriwa. Mke wangu ameshawatangazia mawifi zake kwamba nimeajiriwa.

Jumanne, 4 Machi
Mstari wangu unapanda polepole, laini. Kona hata ya dawa hakuna! Bi Desimali anachukua vipimo elfu moja. Nimemuuliza kwa upole kona yake iko wapi. Ati bado anapima. Roho mbaya tu.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata! Vipimo vitatu tu: mwanzo, kati, mwisho. Nikaviunganisha kwa rula. Kona hiyo, kali! Nimehamisha kile cha kati, kona nayo ikahama. Atomi zina adabu hizi! Kilichobaki ni kujua Profesa anaitaka wapi.

Alhamisi, 6 Machi
Bi Desimali alitoka kupokea simu, uso umemshuka. Nikachungulia daftari lake. Pembeni, kwa kalamu nyekundu: 38.6. Amepigia mstari mara mbili! Nikaweka kona yangu papo hapo. Nimelala mchana kwa raha zangu.

Ijumaa, 7 Machi
Profesa aliitazama grafu yangu kwa muda mrefu. Akaniuliza nilifikaje thelathini na nane nukta sita wakati mashine yetu ya sumaku mwisho wake kumi. Nikasema nilivumilia. Bi Desimali akainama kutazama, akanigeukia.

"Hiyo ni homa ya mwanangu," akasema.

Nilitamani ardhi ipasuke. Kona yake yeye iko moja nukta sifuri sifuri mbili. Kaajiriwa. Mimi nina wiki mbili za kukabidhi funguo.

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu kasema mawifi nitawaambia mwenyewe. Sitawaambia kitu. Nimeuliza, mtoto amepona. Basi alikuwa mgonjwa, sasa mzima: si amebadili awamu? Na nani aliyeonyesha kona? Nimemwandikia Profesa rufaa kurasa sita na kuambatisha grafu mpya. Safari hii nimeweka vipimo viwili tu, homa na uzima. Kile cha tatu ndicho kilichoniponza.