Mizabibu Iliyosikiliza Bunge

Jumatatu, 5 Mei

Wiki ya Utafiti imetangazwa. Mshindi atakiwakilisha chuo Arusha, na anayekwenda Arusha habaki tena mhadhiri msaidizi. Mimi ni mhadhiri msaidizi wa biashara tangu enzi ambazo sipendi kuzikumbuka.

Profesa Thobias, mkuu wa idara yetu, amesema mwaka huu majaji wanataka utafiti unaovuka fani. Jaji mmoja wa biashara, mmoja wa siasa, mmoja wa sayansi. Wenzangu wakaguna. Mimi nikatabasamu. Dokta Yasinta wa biolojia akaniuliza nacheka nini. Nikasema sicheki. Yeye ana samaki wake wa Mtera. Anawafuata bwawani na buti za mpira, anawapima, anawarudisha majini. Mtu mzima!

Jumanne, 6 Mei

Nimepata!

Nilikuwa namwagilia mizabibu ya Hilda nyuma ya nyumba. Hilda ni mke wangu. Ni afisa ardhi, yuko Gulwe anapima viwanja. Aliniachia kazi moja tu: mizabibu. Vipandikizi alipewa na marehemu baba yake, vya shamba lake la Hombolo, na msimu huu ndiyo inatarajiwa kuzaa kwa mara ya kwanza. Alinieleza haya yote getini huku amenishika mkono, kana kwamba ananikabidhi mtoto.

Basi namwagilia, redio ya jirani inarusha Bunge, mbunge anachangia bajeti kwa uchungu mkubwa. Nikaona jani linatikisika. Upepo? Labda. Labda siyo.

Swali la utafiti: je, mzabibu unaosikiliza Bunge huchipua vizuri kuliko usiosikiliza? Mzabibu, sayansi. Bunge, siasa. Zabibu zinauzwa, biashara. Majaji wote watatu mfukoni!

Jumatano, 7 Mei

Kazi imeanza. Safu ya ukutani inasikiliza. Safu ya langoni haisikilizi. Katikati nimetundika magunia ili hoja zisivuke.

Spika nimeazima kanisani. Mama Ruthu wa kwaya aliuliza ni ya nini. Nikasema ni kwa ajili ya viumbe vya Mungu. Si uongo.

Waya unatoka sebuleni na kupita kwenye lango la uani, kwa hiyo lango halifungi. Jambo dogo.

Jumamosi, 10 Mei

Leo hakuna kikao. Nimeweka kipindi cha jana nilichorekodi. Mzabibu hauwezi kujua.

Mzee Lameck, jirani mwenye mbuzi, amekuja. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akavua kofia, akauliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna msiba, mizabibu inasikiliza bajeti. Akaitazama spika, akanitazama mimi, akauliza Hilda anarudi lini.

Wivu uko kila mahali, hata kwa wafugaji.

Jumanne, 13 Mei

Tofauti imeonekana! Safu ya ukutani majani tele, yanang'aa. Safu ya langoni vijiti vitupu. Hata mimi sikutegemea mambo haraka hivi.

Naandika ukweli wote kwa ajili ya historia. Asubuhi mbuzi wa Mzee Lameck walipita langoni. Walifika kwenye safu ya kwanza, wakala. Walijaribu kuvuka magunia, waziri akaanza kujibu hoja, wakatimka. Mimi nilikuwa nimeshika fimbo. Nikaiweka chini. Mtafiti haingilii mazingira asilia.

Nimeandika kwenye ripoti: safu isiyosikiliza Bunge imepoteza machipukizi. Neno kwa neno, ni kweli.

Hilda alipiga simu.

"Mizabibu yangu inaendeleaje?"

"Ya ukutani inakua kupita kiasi."

"Na ya langoni?"

"Hiyo inatoa matokeo muhimu sana."

Akacheka. Akasema asante kwa kuitunza, kwamba huko Gulwe akichoka anaifikiria. Nikaona aibu kidogo. Ikapita.

Ijumaa, 16 Mei

Nimepiga picha za ripoti. Mwanga mzuri, safu zote mbili zimeingia.

Kantini nimekaa meza moja na Yasinta kwa bahati mbaya. Nikamdokezea. Aliacha kula. Akauliza kama niliwahi kubadilisha safu, ile ya langoni ikasikiliza na ya ukutani ikanyamaziwa. Nikamwambia sayansi si mchezo wa kubadilishana viti. Akajitolea kuja kuangalia. Nikakataa. Ananitafutia makosa.

Jumanne, 20 Mei

Siku kubwa. Suti ya harusi, inabana kidogo.

Ukumbi umejaa. Nikaanza vizuri. Jaji wa siasa alikuwa anatikisa kichwa kukubali kila neno. Jaji wa biashara akauliza kama wakulima wanaweza kuuziwa spika. Nikasema wanaweza! Nilianza kuiona Arusha.

Yasinta akanyoosha mkono. Akaomba picha ikuzwe. Nikaikuza kwa furaha, maana ilikuwa picha nzuri.

"Kona ya chini pale, kile ni nini?"

Nikasema ni kivuli.

"Kivuli kina pembe?"

Nikatazama. Kilikuwa na pembe. Kilikuwa na jani mdomoni pia. Mbuzi mzima amesimama nyuma ya gunia, ananitazama mimi na ukumbi wote.

Walicheka mpaka mtu wa projekta akakaa chini. Jaji wa sayansi akauliza, bila kucheka, kama nilikuwa najua habari za hao mbuzi. Nikajibu kwamba niliwaona, lakini hawakuwa sehemu ya utafiti.

Ingekuwa afadhali kama nisingejibu.

Yasinta akasimama tena. Kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, akasema huenda nimegundua kitu cha kweli: mbuzi wanaikimbia sauti. Wakulima wa mkoa huu wangefaidika kujua. Mlango nilikuwa nimefunguliwa pale, naukumbuka vizuri. Nikasema mbele ya watu wote kwamba mimi ni mtafiti wa Bunge na uchumi, si wa mbuzi.

Profesa Thobias alikuwa anafuta miwani. Aliifuta muda mrefu sana.

Jumatano, 21 Mei

Hilda amerudi. Hakuingia ndani. Alipitia uani moja kwa moja, begi bado begani.

Nilimfuata nikieleza. Kundi la kulinganisha, magunia, fani tatu. Hakuwa ananisikiliza. Alipiga magoti kwenye safu ya langoni, akawa anagusa shina moja moja. Mengine yalikuwa yamebanduliwa hadi maganda.

Nilitegemea makelele. Kwa makelele nina majibu. Akasema tu, "Baba alivileta vipandikizi hivi kwa basi. Alivifunga kwenye kitambaa kibichi, akavipakata njia nzima. Alikuwa tayari anaumwa."

Nikasema tutapanda vingine.

"Vya nani?"

Nilikaa karibu naye pale chini, na suruali ya kazini. Nikafuta macho. Dodoma hii ina vumbi kweli.

Ijumaa, 23 Mei

Yasinta amekuja nyumbani. Hakualikwa na mimi. Amealikwa na Hilda!

Alikata ganda kidogo kwenye kila shina kwa kisu, akamwonyesha Hilda rangi ya kijani ndani. Mashina karibu yote bado hai, yatachipua. Hilda aliketi chini akafunika uso kwa kanga. Yasinta akasubiri, akimshika bega. Mzee Lameck naye kaja na waya wa uzio, kaomba radhi kwa niaba ya mbuzi wake, na kaufunga mwenyewe. Mimi nilishika kigingi. Nilikishika vizuri.

Kisha, kwenye uwanja wa Mzee Lameck, wakaanza majaribio. Hotuba, halafu kwaya, halafu kimya, mbuzi wanaangaliwa wanasogea au wanakimbia. Mama Ruthu alikuja kudai spika yake, akakuta wameweka wimbo wa kwaya yake, mbuzi hawakimbii, wamelala. Akachukia. Halafu akaletewa chai, akabaki.

Yasinta ndiye anayekwenda Arusha, na samaki wake. Utafiti wa mbuzi utafuata mwakani. Amemwomba Hilda akubali jina la Hilda litangulie kwenye ripoti. Hilda akasema litangulie la marehemu baba yake kwenye shukrani, yeye atafuata.

Jina langu halikutajwa. Nilileta chai mara mbili.

Jumapili, 25 Mei

Hilda amenisamehe, nadhani. Asubuhi alinitengenezea uji, akasema ombi lake ni moja: nisiguse tena kitu chochote chenye uhai.

Nimelifikiria ombi hilo kanisani. Nimeelewa kosa langu liko wapi. Mzabibu haukufaa. Ni kiumbe mzembe, hausemi, hautembei. Nilihitaji nyuki!

Biashara, asali. Siasa, malkia na raia wake. Sayansi, nyuki wenyewe. Fani zote tatu kwenye sanduku moja! Inashangaza hakuna aliyewahi kuliona hili.

Fundi mmoja hapa Kizota anayetengeneza mizinga ameniazima mmoja wenye nyuki ndani. Alinihimiza nivae mavazi ya kinga. Nina koti la mvua. Nimeuweka sebuleni, maana uani kuna mizabibu na nimekatazwa kuigusa. Nimeziba tundu kwa kitambaa. Wamefungiwa tangu mchana na ni watulivu kabisa, wananguruma tu.

Profesa Thobias amekubali kuja kunywa chai saa kumi. Akishakaa, nafungua.