Malalamiko Kuhusu Watu Wanaosimama Mbele ya Treni

Alhamisi, saa nne asubuhi

Kwa Mkuu wa Stesheni,
Ofisi ya juu, mlango wa pili baada ya dirisha la tiketi.

Ndugu Mkuu wa Stesheni,

Kosa wanalolifanya watu wengi wanaoanza kupiga picha za treni ni kudhani kwamba kikwazo chao ni mwendo wa treni. Sivyo. Treni ni kitu chenye adabu. Inakuja kwa njia yake, inasimama mahali pake, na ukihitaji itulie, hutulia dakika ishirini, na zamani ilitulia hata siku mbili. Kikwazo ni abiria. Jambo hili nimelichunguza kwa miaka arobaini na moja, na naomba univumilie nikueleze taratibu, kama nilivyokuvumilia wewe darasa la sita, ulipokuwa ukikaa dawati la dirishani na kuhesabu mabehewa yanayopita badala ya kunakili ramani iliyokuwa ubaoni.

Kwanza nikushukuru. Tangazo lako la kuomba picha za zamani kwa ajili ya ukuta wa ukumbi mpya wa kusubiria nililisoma mara tatu. Lilisema picha ziwe "safi, zenye kuonyesha treni bila vizuizi." Ni mara ya kwanza maishani mwangu ofisi ya umma kuandika sentensi ninayokubaliana nayo mwanzo hadi mwisho. Jumatatu nikaleta albamu zangu zote saba kwenye mkokoteni wa jirani. Dada wa kompyuta wa ofisini kwako alinipokea vizuri, akanipa kiti, akafungua albamu ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Samahani babu, treni ziko wapi?"

Swali hilo ndilo lililoizaa barua hii.

Katika albamu hizo nina picha mia sita na kumi na mbili. Zisizo na mtu hata mmoja ni tisa. Kati ya hizo tisa, tano hazina treni pia, kwa sababu siku hizo ilichelewa nami nikachoka kungoja. Tatu zimetikisika. Moja ni kidole changu gumba. Huhitaji mwalimu wa hesabu kukueleza maana yake: stesheni yako, kwa miongo minne, imeshindwa kabisa kutenganisha treni na watu.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu abiria kwa jumla. Wanapanda. Sina ugomvi na mtu kusafiri, kila mtu ana shida zake, lakini wanapanda wote kwa mpigo, kwa mlango uleule, wakati treni imesimama, yaani wakati uleule ambao mpigapicha naye anauhitaji. Zamani filimu ilikuwa na picha thelathini na sita tu, na mimi nilijiwekea sheria: treni moja, picha moja. Ninasimama nguzo ya tatu, ninabana pumzi, ninabonyeza. Wiki mbili baadaye ninaichukua studio, na ninachokiona ni magunia, masanduku, makalio ya bwana mmoja anayesukumiwa ndani kupitia dirishani, na nyuma yao kabisa, kama mgeni ambaye hakualikwa, kipande cha treni.

2. Kuhusu wanaoagana. Hawa ni wabaya zaidi, maana hawana hata safari. Mtu anakwenda stesheni ya pili tu, atarudi keshokutwa, lakini anasindikizwa na ukoo mzima. Shangazi analia. Mjomba anatoa nasaha ambazo angeweza kuzitoa nyumbani. Picha namba themanini na nane ilipaswa kuwa ya injini ya mwisho ya makaa. Nilijiandaa wiki nzima. Treni ikaanza kuondoka, moshi ukanyooka vizuri ajabu, na hapo hapo akatokea mama mmoja anakimbia kando ya behewa, amenyanyua kiatu cha mtoto, anapiga kelele, "Kiatu! Jamani kiatu chake!" Injini ile haikurudi tena. Kilichobaki katika historia ni kiatu.

3. Kuhusu dereva aliyejulikana kwa jina la Breki. Alipogundua kwamba ninapiga picha, alianza kuvaa tai. Tangu siku hiyo hakuna picha ambayo hakutoa kichwa na mkono mzima dirishani, meno yote nje. Nilimwomba awe anaisimamisha injini usawa wa jiwe jeupe, pale ambapo mwanga ni mzuri. Alikubali bila kuuliza sababu. Matokeo yake, kwa miezi minne mabehewa mawili ya nyuma yalisimama nje ya jukwaa, na abiria wake wakawa wanarukia kwenye kokoto. Mzee mmoja aliteguka mguu, akachechemea hadi nguzo ya tatu ili anieleze ananionaje. "Wewe na kidude chako hicho," ndivyo alivyoanza, na mengine siwezi kuyaandika katika barua ya kiofisi. Nilimpiga picha. Naye amefunika namba ya injini.

4. Kuhusu mwenye bendera ya kijani. Ni mrefu. Sina la kuongeza.

5. Kuhusu mwanamke mwenye kitambaa cha madoadoa. Hili ndilo lalamiko zito, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu.

Alionekana kwa mara ya kwanza katika picha namba saba, amesimama mbele kabisa ya namba ya injini, kikapu mkononi. Wiki iliyofuata nilimfuata nikamweleza kosa lake. Nilimfafanulia habari za mwanga, za umbali, na za nidhamu ya jukwaani. Alinisikiliza hadi nikamaliza, ndipo akasema, "Nimekuelewa kaka. Sasa wewe unasafiri lini?" Nilimjibu kwamba mimi sisafiri, ninapiga picha. Alicheka hadi kikapu kikamponyoka. Picha namba nane ni ya vitunguu vikibingirika chini ya behewa.

Kwa kuwa aliendelea kuja kila Alhamisi, na kila Alhamisi kusimama palepale, niliona kwamba njia pekee ya kumdhibiti ni kumwoa. Nalisema hili bila kuona haya: nilioa kwa sababu za kiufundi. Niliamini kwamba mke wa mpigapicha atakaa nyuma ya kamera. Haikuwa hivyo. Alikuwa anatangulia mbele ya injini hata kabla sijafunga baiskeli yangu, na swali lake lilikuwa lilelile miaka nenda miaka rudi: "Baba nanihii, leo tunapanda au tunapiga tu?" Nami nilimjibu kwa uaminifu kila mara kwamba nikipata moja safi, moja tu, tutapanda. Sikuipata, kwa sababu yeye alikuwa amesimama mbele yake. Nadhani unaona tatizo lilivyojizungusha.

Kwa rekodi zangu, alifunika injini mara mia moja na thelathini: za makaa, za dizeli, na ile ya wakaguzi iliyopita mara moja tu. Watoto walipozaliwa aliwapanga kando yake kwa urefu, na behewa la kwanza nalo likapotea.

Nakiri kwamba siku hizi hali imetengemaa. Alhamisi moja ya mwezi wa pili mwaka huu, wiki tatu baada ya kumzika, nilipata picha yangu ya kwanza iliyo safi. Jukwaa tupu. Injini mpya, namba yake inasomeka yote, hakuna mkono wala kikapu, hakuna anayeniuliza chochote. Ni picha kamili kwa kila kipimo. Sijaibandika kwenye albamu bado, kwa kuwa sijapata gundi ya kufaa.

Kutokana na maelezo hayo, ninaomba mambo matatu.

Kwanza, kompyuta ya dada yule iendelee na kazi nzuri ya kufuta watu katika picha zangu zote. Jana alinionyesha mfano wa picha namba themanini na nane. Mama ametoweka kabisa, utadhani hakuwahi kuzaliwa. Kimebaki kiatu tu, kinaelea hewani peke yake kando ya behewa. Ninaomba kiatu nacho kishughulikiwe.

Pili, picha zenyewe za karatasi, zikishapatikana zile safi, zipitishwe zote kwenye mashine ya kukatia karatasi, zisije zikachanganywa siku za usoni. Sharti hili nililiongeza mimi mwenyewe kwa kalamu chini ya fomu yenu ya kukabidhi picha, nikatia saini. Dada aliniuliza mara mbili kama filimu zake ninazo nyumbani. Nikamwambia zote ziliharibiwa na unyevu mwaka ule paa lilipovuja, kwa hiyo hakuna hatari kwamba picha chafu zitarudi. Amesema atazikata kesho Ijumaa, saa tisa alasiri. Nimempongeza kwa kujali muda.

Tatu, kuanzia mwezi ujao, abiria wa Alhamisi wasubiri nje ya uzio hadi treni itakapomaliza kupigwa picha. Kama hilo ni gumu, wakapandie stesheni inayofuata, ambayo haina sura ya kupigwa picha. Kama nalo ni gumu, treni ya Alhamisi ije bila abiria kabisa. Utaniuliza treni isiyo na abiria ni ya kazi gani. Ni swali zuri, na ningefurahi kama ungekuwa na maswali ya namna hiyo ulipokuwa darasa la sita. Jibu ni kwamba itakuwa inaonekana. Na kusema kweli, ninyi wenyewe mmeshaanza. Madirisha ya treni mpya hayafunguki, kwa hiyo hakuna anayepunga mkono. Milango inajifunga yenyewe, kwa hiyo hakuna anayekimbia na kiatu. Watu wameshaagana kwa simu kabla ya kufika. Imebaki hatua ndogo tu.

Nina imani kwamba maombi haya yatashughulikiwa kwa uzito unaostahili. Nisalimie dada wa kompyuta. Nisalimie mwenye bendera, nasikia amestaafu na mgongo unamsumbua, nami siwezi kusema nimeshangaa. Nisalimie Breki na tai yake, popote walipo. Msalimie sana mkata tiketi wa dirisha la kwanza, ambaye kwa miaka yote hiyo, kila niliponyanyua kamera mbele yake, aliniuliza, "Mwalimu, ngapi leo?" nami nikamjibu hakuna. Abiria pia wasalimie, ila iwe wamekaa.

Ni mimi, ninayengoja jukwaa litulie,
Mwalimu wako wa jiografia, mstaafu,
Nguzo ya tatu.

Nyongeza. Ijumaa, saa mbili asubuhi.

Jana jioni nilikaa mezani nimwandalie dada wa kompyuta orodha ya mahali pa kufuta, ili nimrahisishie kazi. Huwa ninaweka daftari. Kila picha ina mstari wake: tarehe, namba ya injini, na safu ya tatu niliyoiita Kizuizi.

Safu ya injini, kuanzia namba saba, ni tupu karibu kurasa zote. Namba zilifunikwa, ningeziandikaje? Safu ya Kizuizi imejaa hadi pembeni. Mwanamke mwenye kitambaa. Vitunguu. Mwanamke yuleyule, amekasirika. Yuleyule, amevaa viatu vipya, anataka nivione. Mke, ana mimba ya saba, yaani miezi saba, sijui kwa nini niliandika vibaya. Mke, ana homa, nimemwambia abaki nyumbani, amekataa. Mke, amebeba vyakula vya njiani vya watu wawili. Hilo la mwisho nimeliandika mara nyingi.

Nilijaribu kuikumbuka injini hata moja katika hizo mia moja na thelathini. Nilikaa na taa hadi mafuta yakaisha. Sikuikumbuka.

Nikaiweka mezani ile picha safi, ambayo ndiyo pekee iliyobaki humu nyumbani. Mjukuu wangu alipopita kuelekea jikoni aliiinamia, akaniuliza, "Babu, hii ni picha ya nini?" Nikaigeuza kifudifudi, nikachukua kalamu.

Kwa hiyo maombi yangu yote matatu nimeyaondoa. Ningeweza kuichana barua na kuandika nyingine, lakini mimi humaliza nilichokianza, na isitoshe muda unakwenda. Naileta mwenyewe kwa mkono, maana kwa mdomo sitaweza. Mama wa kiatu arudishwe penye kiatu chake. Abiria wasimame wapendapo. Na kama ukuta wenu lazima uwe na treni safi, ninayo moja, nimeiambatanisha humu, ichukueni moja kwa moja. Sitaidai.

Mkata tiketi mwambie Alhamisi ijayo ni moja, ya kwenda hadi mwisho wa reli.

Sharti la kwenye fomu lina saini yangu, na najua dada yule hutekeleza kilichoandikwa. Mimi nipo hapa chini, nguzo ya tatu, ninangoja. Usisubiri kikao, usitafute faili. Inuka sasa hivi, nenda ofisini kwake, na uchomoe waya wa ile mashine ukutani.