Goti la Naibu Mkurugenzi

Tangazo kwa umma. Tume ya Maziwa Maalumu ya Mpakani ina furaha isiyo kifani kuwafahamisha wakazi wa Malaba, wasafiri, na madereva wote walio kwenye foleni ya trela, kwamba kuanzia Jumatatu watapewa maziwa bure. Si maziwa ya kawaida. Ni maziwa ya ng'ombe wa rangi moja, wasio na hasira. Kwa mujibu wa Tume, yanalainisha maungo kwa siku saba, yanarudisha kumbukumbu, na yanampa dereva subira ya kungoja forodha.

Aliyeandika tangazo hilo alikuwa Bwana Gordon Aluka, Naibu Mkurugenzi wa Manufaa, akiwa ameketi kwenye kiti chake cha kuzunguka huko Busia mjini. Aliliandika lote kabla ya chai ya saa nne, maana ni mtu wa bidii. Kila dai lilipigiwa kura, kama sayansi inavyotaka. La maungo lilipita bila kupingwa. La kuotesha nywele lilirudishwa kamatini, kwa kuwa mwenyekiti ana upara na aliomba muda wa kulijaribu mwenyewe.

Kiti hicho hakina budi kuelezwa. Kilikuwa cha ngozi, chenye magurudumu, na Aluka alikipata kwa cheti cha daktari kilichosema kwamba goti lake la kushoto ni bovu. Cheti alikitia kwenye fremu na kukitundika ukutani, pale wengine wanapotundika digrii. Kwa nguvu ya cheti hicho hakuwahi kutumwa nje ya ofisi kwa miaka kumi na moja. Wenzake walilowa mvua Funyula, wakachomwa na jua Butula. Yeye alizunguka tu kitini. Na tusimwonee: goti lilimuuma kweli, hasa mawingu yakianza kujikusanya. Alikipenda kiti kile kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele ya mkewe.

Wiki ya pili ya maziwa ya bure, mama mmoja alifunga safari kutoka Malaba hadi mbele ya meza yake. Aliitwa Petronilla Emojong, na alikuwa akiuza maziwa na chai kando ya foleni.

"Boss, hiyo maziwa yenu ya bure imenimaliza," alisema. "Nimeuzia hao madereva miaka tisa. Wiki hii yote nimemwagia nguruwe ya jirani."

"Mama, hayo tunayaita mabadiliko ya soko."

"Mimi naita njaa. Niko na watoto wanne shuleni."

Aluka alimhurumia. Hakuwa jiwe. Lakini huruma ina utaratibu wake, na kila mtu akianza kuhurumia ovyo ovyo serikali itaendeshwa vipi?

"Andika ombi," akamwambia kwa upole. "Nakala tatu. Upeleke dirisha la pili."

"Dirisha la pili limefungwa."

"Ndiyo. Litafunguliwa likipata ombi."

Petronilla hakubishana. Alikitazama kiti, akaitazama ile fremu, akakisoma cheti polepole kuanzia jina hadi muhuri.

"Pole na goti, boss," akasema, akaenda zake.

Kisha ukafika mkutano wa kukusanya maoni ya wananchi, katika ukumbi wa Malaba. Siku hiyo Aluka alitoka ofisini kwa hiari yake, jambo lililowashangaza hata walinzi. Kiti cha Mkurugenzi mwenyewe kilikuwa wazi, na alikuwa amenong'onezewa kwamba dai la maungo likipona mkutanoni, kiti hicho ni chake. Kilisemekana kuwa na mahali pa kuegemeza shingo.

Wa kwanza kusimama alikuwa Dolphine Nasimiyu, afisa wa lishe, binti mwenye ubaya mmoja tu, kwamba alikuwa amesoma.

"Maziwa ni mazuri," alisema. "Mtoto akunywe, mama akunywe. Lakini hii ya Tume na ile ya Mama Petronilla, kwa goti ya mtu, ni kitu moja. Maziwa ni maziwa."

Katibu akaandika kwenye kumbukumbu: Afisa wa lishe aliyasifu maziwa.

Ndipo Petronilla akainua mkono.

"Mzee, kwa heshima. Wewe mwenyewe umekunywa hii maziwa?"

"Siku kumi mfululizo."

"Na goti?"

Aluka aliliona goti, akakiona akilini kile kiti chenye mahali pa shingo, na akapima.

"Limepona," akasema.

"Kabisa?"

"Kabisa kabisa."

"Mungu asifiwe! Basi ruka tuone."

Madereva waliokuwa nyuma wakaanza kupiga makofi. "Ruka! Ruka!" Simu zikainuliwa juu.

Aluka akaruka. Goti likalia kwa sauti ambayo mstari wa mbele wote uliisikia, naye akatabasamu.

"Rudia mzee, simu yangu haijashika poa," dereva mmoja akamwomba.

Akaruka tena.

Kufikia Ijumaa video ilikuwa imevuka mpaka, imefika Tororo, na imerudi ikiwa imetiwa muziki. Jumatatu barua ikaja. Aluka alifunga tai kwanza, ndipo akaifungua.

"Tume inakupongeza kwa kupona," ilisema. "Kwa kuwa umepona kabisa kabisa, cheti chako kimefutwa, na kiti kimerudishwa stoo. Kuanzia kesho utagawa maziwa kwa miguu, trela hadi trela, ukiwa ushahidi unaotembea."

Alikwenda kwa Dolphine akichechemea.

"Goti limerudi," akamwambia.

"Lilirudi lini?"

"Halikuwa limeenda."

"Pole, mzee. Lakini kumbukumbu ziko na sahihi yako. Kiri kwanza kwamba hilo dai ni uongo, mimi mwenyewe nitakupeleka kwa daktari."

Aluka alisema atalitafakari suala hilo. Alilitafakari siku tatu, akiwa amebeba kreti ya pakiti, kwenye foleni ya trela isiyoonekana mwisho. Madereva hawakuipokea pakiti hivi hivi.

"Mzee wa video! Kwanza ruka, ndio nikunywe!"

Akaruka kwa dereva wa mchele. Akaruka kwa dereva wa saruji. Kwa dereva wa mafuta aliruka mara mbili, kwa sababu alikuwa na turnboi, msaidizi wake wa safari. Siku ya tatu, jua likiwa la utosi, aliliona sufuria la chai likichemka kando ya barabara. Petronilla alikuwa amesimama hapo na wateja wake wawili waliobaki. Pembeni palikuwa na kreti tupu iliyogeuzwa.

"Mama," Aluka alisema, jasho likimtiririka, "naomba nikae hapo kidogo."

Petronilla alikoroga chai yake.

"Andika ombi," akasema. "Nakala tatu."

"Mama, tafadhali. Nitaanguka."

Akamtazama, na kwa kweli akamwonea huruma. Yeye hakuwa na utaratibu wowote wa huruma. Lakini alikuwa na watoto wanne.

"Ama useme ukweli, boss. Hiyo nakala moja inatosha. Goti ilipona?"

Aluka aliangalia kushoto, akaangalia kulia. Simu zilikuwa zimeanza kuinuka kwenye madirisha ya trela.

"Halikupona," akanong'ona.

"Sema kwa nguvu. Hawa watu wako juu."

"Halikupona!" Aluka akapaza sauti, na machozi yakamtoka, ya maumivu na ya kitu kingine alichoshindwa kukipa jina. "Halijawahi kupona! Ni maziwa tu! Maziwa ni maziwa!"

Dereva wa trela ya karibu aliitazama pakiti aliyokuwa ameshika. Akairudisha kwenye kreti ya Tume, akashuka, na kumnyooshea Petronilla kikombe.

"Basi keti, boss," Petronilla akasema, akimimina.

Naibu Mkurugenzi akaketi. Kreti ilikuwa ngumu, haikuzunguka hata kidogo, na tangu aajiriwe hakuwahi kuketi vizuri hivyo.