Ombi la Kuandikisha Ugali Kuwa Kitamutamu

Jael Kageha,
Jikoni, ghorofa ya chini,
Al-Hamra, Jeddah.

Kwa Daktari Abeer,
Mkuu wa Programu ya Kupunguza Uzito,
Olaya, Riyadh.

Mheshimiwa Daktari,

KUH: VITAMUTAMU VYA MADAM NA MWILI WANGU

Pokea salamu zangu za heshima kutoka huku kwenye joto. Hunijui, ingawa Jumamosi moja ulinigombeza kwa jina la mtu mwingine. Hilo nitalieleza mahali pake. Mimi ni mtumishi wa ndani wa mteja wako, yule wa Al-Hamra uliyemtumia cheti chenye ua la dhahabu mwezi uliopita kwa kupoteza kilo saba. Kijitabu cha programu yako kinasema malalamiko yanapokelewa kwa lugha yoyote na yatatafsiriwa. Nimekiamini. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayoweza kulalamika nayo bila kumkosea mtu adabu.

Kwanza nikushukuru. Kabla yako, Madam alikuwa akijinyima kila kitu mpaka Jumatano, na Alhamisi anamaliza keki nzima akiwa amesimama mbele ya friji, halafu nyumba yote inanuniwa mpaka Jumapili. Wewe ukamwambia asijinyime. Kila siku ajipangie kitamutamu kimoja cha kalori mia moja na hamsini, akile kwa raha bila kujilaumu, na uzito utapungua tu. Ni mafundisho mazuri na sina ugomvi nayo hata kidogo. Ugomvi wangu ni na kitu ambacho kijitabu chako, kurasa zote sitini na nne pamoja na picha, hakikukitaja popote, nacho ni kile kinachobaki.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kipande cha kunafa, ile ya jibini iliyolowa shira, kutoka duka analolipenda Madam kina kalori mia nne na hamsini. Najua, kwa sababu mimi ndiye ninayekipima kwenye mizani ya jikoni na kuandika kwenye simu yake. Hesabu basi ni rahisi: theluthi moja ni ya Madam, na theluthi mbili hazina mwenyewe. Kuzitupa haiwezekani, maana chakula ni neema na kutupa neema ni haramu. Katika hili mimi na Madam, ingawa dini zetu ni mbili, tumelelewa sawa. Mama yangu kule Vihiga alikuwa akituchapa kwa tonge lililoanguka. Kuzirudisha kwenye friji pia haiwezekani, maana ukurasa wako wa kumi na mbili unasema kishawishi kisilale nyumba moja na mteja. Basi Madam huisukuma sahani upande wangu na kusema, "Yalla Jael, kuli, kuli, halas," yaani haya kula, kula, yaishe, kisha anasimama pale mpaka nimalize, ili moyo wake utulie.

Nilijaribu kumpa Protus, dereva wetu, lakini ana kisukari. Nilijaribu kuwapa paka wa barabarani, kamera ya lango ikaniona, na Madam akaniuliza kwa huzuni ya kweli kama nyumba yake imekosa binadamu wa kula.

2. Wiki ya tano ukatuma mafunzo mapya. Ulisema raha yote ya kitamutamu iko katika kuuma mara ya kwanza na ya pili, kinachofuata ni mazoea tu. Kwa hiyo mteja mwerevu aigawe ile mia na hamsini yake mara tatu, aonje vitu vitatu badala ya kula kimoja. Daktari, siku ile ningekuwa na namba yako ningekupigia simu nikusihi. Tangu hapo kila alasiri inaletwa kunafa, inaletwa keki ya jibini, inaletwa donati. Madam anauma hiki, anafumba macho, anauma kile. Hamsini, hamsini, hamsini, nami naandika. Halafu sahani tatu zinageuzwa kunielekea.

Alhamisi ni mbaya zaidi, kwa sababu marafiki zake wanne, ambao wewe pia ndiye daktari wao, huja kunywa kahawa. Watu watano wanaonja na anayekula ni mmoja. Wiki iliyopita mmoja wao alinisifu kwamba nina hamu nzuri ya chakula, mashallah, akatamani na mtumishi wake angekuwa hivyo, maana huyo amejifunza kukimbilia chooni wageni wakiinuka.

3. Ungedhani basi nimeshiba. Wali, mkate, viazi na unga vilitolewa jikoni kwa amri ya ule ukurasa wa kumi na mbili, vikafungiwa stoo, pamoja na kilo zangu mbili za unga wa mahindi alizoniletea Protus kutoka maduka ya Al-Hindawiyah. Zamani nilikula kilichobaki kwenye sufuria, kama ilivyo desturi ya kazi yetu, na sufuria ya wali kwa kuku haikukosa kubaki kitu. Siku hizi kuku anapimwa gramu tisini pamoja na matango, na Madam, kwa kuwa ana njaa, anamaliza mpaka limau la pembeni. Yaani cha kushibisha hakibaki hata siku moja, na cha kunenepesha kinabaki kila siku.

Mimi huamka saa kumi na moja alfajiri. Nafua, napiga pasi, napiga deki ghorofa tatu, na tumboni mwangu mna shira tupu. Saa nne mikono inatetemeka, saa kumi naletewa sukari, saa moja jioni inatetemeka tena. Juzi nilikaa katikati ya ngazi na zulia begani, nikisubiri macho yarudi kuona. Nilipomwambia Madam nina njaa alishangaa kabisa, na sidhani kama alikuwa akijifanya. Alinihesabia kwa vidole nilichokula tangu asubuhi, na kila alichokitaja nilikuwa nimekila.

4. Kuhusu mizani. Kila Jumamosi Madam hujipima kwenye ile mizani inayokutumia namba moja kwa moja ofisini. Kwa kuwa haiamini, hunitanguliza mimi nipande kwanza aone kama inafanya kazi. Nilikuja nchi hii na kilo sitini na nane. Jumamosi ninayoitaja, Madam alisahau kuzima simu, zikakurukia kilo zangu sabini na saba kwa jina lake. Ulijibu palepale. Uliandika kwamba umesikitika, kwamba mwili hausemi uongo, na kwamba ajiulize kwa uaminifu ni kitu gani kinaliwa kwa siri. Hakuna siri, Daktari. Mwenyewe huwa amesimama hapo akiangalia.

Na hapo ndipo nilipoelewa kile cheti chenye ua. Zile kilo saba hazikupotea. Zimehama tu, ziko kwangu, salama, pamoja na mbili za faida. Nikistahili nusu ya cheti sitaikataa, ikatwe tu vizuri ua lisiharibike.

5. La mwisho ndilo linaloniuma. Nilimtumia dada yangu Mitchelle picha yangu, nimevaa sare. Mama akaichukua simu akaizungusha kanisani, na wakamtolea Mungu shukrani kwa ajili ya mashavu yangu. Wakasema Jael amekumbukwa. Nilipompigia nikamwambia, Mama, mimi huku nalala njaa, alinionya nisimfanyie Mungu mzaha na sura ile. Nililia siku hiyo, Daktari, nalisema bila haya. Mtu aliyekonda akisema ana njaa, hata jirani mchoyo anamwamini. Mimi njaa yangu imenenepa. Shahidi niliyekuwa naye alikuwa mwili wangu, na sasa anatoa ushahidi upande wa pili.

Baada ya kuyafikiria haya kwa muda mrefu (nafasi ninayo, wakati napima kunafa), nimeona kosa si la Madam wala si la hesabu zako. Kosa ni la orodha. Ukurasa wa thelathini na moja una vitamutamu hamsini na viwili, na vyote ni vya sukari. Nyumba hii nayo ina sheria moja ambayo haijawahi kuvunjwa tangu programu ianze: Madam anakula theluthi, Jael anamaliza. Basi tusigombane na sheria. Tubadilishe kinachowekwa kwenye sahani.

Naomba kwa unyenyekevu ugali uandikishwe kuwa kitamutamu namba hamsini na tatu. Sahani moja ya ugali na mchicha wa kukaanga nimeikadiria kalori mia nne na hamsini, sawasawa na kunafa, kwa hiyo hesabu zako hazitaguswa. Madam atachukua theluthi yake, atafumba macho, ataniandikisha mia na hamsini. Theluthi mbili atanisukumia na kunisimamia nimalize, nami nitatii kuliko nilivyowahi kutii. Nikila hivyo wiki mbili tu, naahidi kupanda ngazi na zulia lolote mtakalonipa.

Ukilikubali hilo, haki inataka tuendelee kidogo. Chapati na chai ya maziwa viwe kitamutamu cha asubuhi. Maharagwe yaingie Jumatatu na samaki Jumatano, samaki mzima, ili theluthi zangu zifike kwenye tumbo lake. Marafiki wanne wa Alhamisi waagizwe kila mmoja aje na ugali wake, aonje, aache. Siku hiyo hata Protus atapata chakula cha maana, na yule mwenzangu hatakimbilia chooni tena.

Na kama ugali umeshindikana kabisa, basi niandikishe mimi. Weka katika ukurasa wa kumi na tatu, ambao sasa una picha ya tikiti maji tu, kwamba mteja atahitaji kijitabu, mizani ya jikoni, mizani ya mwili, na mwanamke mmoja wa kumalizia. Usisahau kuandika huyo mwanamke atalishwa nini, maana wateja wako ni watu waaminifu sana kwa kijitabu, na kisipoandikwa hawatakikumbuka.

Barua hii utaipokea kwa mkono wa Emmaculate, rafiki yangu anayefanya usafi katika jengo lenu hapo Olaya. Protus atamkabidhi kesho kutwa akimleta Madam kwako kupimwa. Tafadhali usimkasirikie. Ni yeye aliyeniambia kwamba masanduku matupu ya keki hayakosekani ofisini kwako, lakini katika kapu la taka hajawahi kuona hata kombo. Nimetafakari sana habari hiyo. Ama Daktari unamaliza mwenyewe, kinyume cha mafunzo yako ya wiki ya tano, ama nawe una Jael wako. Kama ni hilo la pili, naomba umsalimie sana na umuulize leo mchana amekula nini.

Wasalimie pia wapishi wa picha za kijitabu, yule binti anayejibu ujumbe kwa alama za moyo, na wateja wote waliopungua. Waambie sisi tulioongezeka tunawaombea.

Ni mimi, ninayemaliza kwa utiifu,

Jael Kageha

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaifunga bahasha, nimelazimika kuifungua. Jana niliona heri nifanye jaribio kwanza, nikuletee ushahidi. Nilimwambia Madam kwetu kuna kitamutamu kisicho na sukari wala gluteni, ile ya kwenye ngano uliyowatisha nayo. Kusikia hivyo alikwenda kufungua stoo mwenyewe. Nikasonga ugali wa sahani moja, nikakaanga mchicha kwa kitunguu, nikamchorea kwa kijiko theluthi yake inaishia wapi, kisha nikasimama mlangoni kungoja zangu. Nilikuwa nimeshanawa mikono.

Alikula kwa mkono. Alipofika kwenye ule mstari aliuvuka bila kuuangalia. Hakuonja wala hakufumba macho. Alikula kama mtu mwenye njaa ya tangu wiki ya kwanza, na kwa kweli nilimhurumia mpaka nilipoona tonge la mwisho linaondoka. Akaipangusa sahani kwa kidole. Akauliza kama umebaki mwingine, nikamwambia mafi, hakuna. Akaingia jikoni akakwangua ukoko.

Kwa hiyo, Daktari, naomba sana uisome barua hii kana kwamba sikuiandika. Ugali usiandikishwe. Andika kwa wino mwekundu kwamba una kalori elfu moja kila tonge, kwamba unaharibu ngozi na kudondosha nywele, na kwamba mteja asiukaribie hata kwa kuunusa. Jana Madam alikuwa amekwisha kupita kipimo chake cha siku, na kunafa yake hakuigusa. Alinisukumia sahani, akasimama. Safari hii ilikuwa nzima.