Kituturi cha Bafta

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimemaliza. Kituturi cha kwanza cha kukunjwa katika mkoa mzima wa Lindi kimesimama uani kwangu hapa Rasbura, kati ya banda la kuku na kamba ya nguo. Fito nne za mwanzi. Viungo vya mpira wa ndani wa baiskeli. Nguo pande tatu, pazia upande wa nne. Kinasimama kabla maji ya chai hayajachemka. Kinakunjwa, kinafungwa, kinapakiwa kwenye bodaboda kama mzigo wa miwa. Mpiga kura akishaingia humo, ni yeye na Mola wake.

Fito mbili zilikuwa za chandarua chetu. Mke wangu Mwanahija amelalamika. Nimemweleza kwamba demokrasia ina gharama zake. Amejibu kwamba gharama hiyo inamng'ata miguu yeye. Nguo kwa sasa ni mashuka yetu, na hayo pia ameyadai.

Hajui uzito wa jambo. Jumapili ijayo chama cha msingi cha wakulima wa korosho kule Nyangamara kinachagua mwenyekiti. Miaka yote walichagua kwa kujipanga mstari nyuma ya mgombea. Mara ya mwisho dada yangu Naima alisimama nyuma ya Stefano. Mstari ulikuwa mfupi, kila mtu akauona. Mwenyekiti Tawakali akashinda tena, na mwaka ule salfa ya Naima, dawa ambayo chama hugawa, ilifika wakati maua ya mikorosho yameshaungua kwa ukungu wa ubwiri. Hakuna aliyesema kwa nini. Gari lilichelewa, basi. Mikorosho ile ndiyo aliyoachiwa na marehemu shemeji. Hana kingine. Alikula mihogo mpaka masika.

Safari hii kura ni ya siri. Bi Zakia, ofisa ushirika, amewataka wawe na kituturi. Naima ameniambia wazi: pakiwa na siri atapiga kura, pasipo na siri atabaki nyumbani, maana hawezi kupoteza msimu mwingine. Nimemwahidi siri. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa shamba. Siwezi kumwangusha.

Tena kikifaa Nyangamara, Bi Zakia atanipendekeza kwa vyama vyote hadi Kipatimu, ambako kwa barabara zile hakuna kitu kizito kinachofika kizima. Lakini Naima kwanza. Kipatimu baadaye.

Jumatano, 11 Juni

Nguo nimepata. Bafta, nyeupe pee, dukani kwa Idd. Nyeupe ndiyo rangi ya haki. Idd alishusha sauti, akanipa pole, akauliza ni mwanamume au mwanamke ili ajue namna ya kukata. Nikamwambia wote wawili, wataingia mmoja mmoja. Idd akasema ni kazi ya Mungu, akanipunguzia bei.

Nikakivika kituturi, nikakisimamisha uani, nikaenda kuoga. Niliporudi nilikuta watu. Wanaume wa mtaa wamekaa nje kwenye mkeka, kimya, wamejiinamia. Wanawake wawili wameingia ndani wamejifunika kanga, mmoja analia. Kornelio fundi seremala, mshindani wangu, amesimama mlangoni amevaa lile koti lake la kanisani. Nilifarijika. Sikujua mtaa huu unathamini ubunifu kiasi hiki. Nikaanza kuwaeleza habari za viungo vya mpira.

Mwanahija ndiye aliyetoka kuwaambia kwamba hapa hakuna aliyekufa. Kumbe wameona nguo nyeupe imezungushiwa fito uani, wakajua ndani yake anaoshwa maiti. Waliondoka bila kuniaga. Aliyekuwa analia alionekana kukasirika zaidi kuliko wote. Kornelio alibaki, akakizunguka kituturi taratibu, akasema kwa kuosha kinafaa sana.

Wivu. Yeye anataka kumuuzia Bi Zakia vituturi vya plaiwudi vyenye bawaba, kimoja hubebwa na watu wawili. Afike navyo Kipatimu tumwone.

Mwanahija ameniomba nibadilishe nguo. Nimekataa. Msanii hafuati maneno ya watu.

Jumamosi, 14 Juni

Nimefika Nyangamara. Safari ya heshima. Mzigo wangu mweupe niliulaza mapajani, nyuma ya dereva wa bodaboda, na kila kijiji tulichopita wazee walisimama mpaka tukaishia. Mama mmoja aliyekuwa anapepeta aliweka ungo chini. Sijawahi kupokewa hivi maishani mwangu.

Naima amenipikia ugali wa muhogo na kisamvu. Nikamsalimia shikamoo dada, akaitikia marahaba, macho yake yakiwa kwenye bafta. Akasema hii ni nguo ya sanda. Nikasema ni nguo safi. Hakubishana. Aliuliza jambo moja tu, kama kweli mtu wa nje hataona kitu. Akaliuliza mara mbili.

Nikasimamisha kituturi hapo hapo, nikamtia ndani, nikarudi nyuma, nikatazama kwa makini sana. Jua lilikuwa limeshazama. Sikuona chochote. Nikamwambia dada, humo hata malaika atabisha hodi kwanza.

Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu msiba wa shemeji. Nimefurahi mno.

Jumapili, 15 Juni

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilisimamisha kituturi mbele ya ghala, mlango ukiangalia mashariki, ili mpiga kura apate mwanga wa kuona karatasi. Wanachama walikaa chini upande wa magharibi. Karatasi ya kura ilikuwa na picha mbili, Tawakali juu, Stefano chini. Bi Zakia akaeleza utaratibu. Akamwita wa kwanza, Mzee Huseni.

Mzee Huseni hakuinuka. Alisema humo ataingia siku yake ikifika, na hatakwenda kwa miguu. Wakaanza kunong'ona. Wa pili akasema ana udhu. Wa tatu akasema mkewe ni mjamzito. Hakuna aliyekwenda. Bi Zakia akanitazama. Nikaiona Kipatimu inaniponyoka.

Nikamwita Naima. Nikamwambia mbele ya watu wote aanze yeye, waone hakuna neno. Alinitazama kwa namna ambayo sitaki kuiandika. Kisha akajifunga kanga vizuri, akachukua karatasi, akaingia.

Jua lilikuwa nyuma yake. Tukamwona mzima mzima kwenye ile bafta. Kilemba chake. Pua yake. Kidole kinavyoshika kalamu. Karatasi ameiinua mbele yake, na mkono wake ukaenda kwenye picha ya juu, ukatua hapo, ukakaa. Halafu akakohoa, akainama kidogo, akatoka, akatumbukiza kura sandukuni.

Kijana mmoja akacheka. Tawakali alitikisa kichwa kwa kuridhika kama mtu aliyeletewa chai. Theresia, mke wa Stefano, ambaye hupalilia pamoja na Naima kila mwaka, aligeuza uso akatema mate.

Bi Zakia akasimamisha zoezi. Waliobaki wakapigia kura ndani ya ghala, nyuma ya mifuko ya salfa. Tawakali ameshinda. Kituturi nimekikunja upesi sana, hilo hata Bi Zakia alilikiri.

Jumatatu, 16 Juni

Nimelia. Naandika kwa sababu ni kweli. Nilikaa jikoni kwa Naima asubuhi nikamwambia nimemvua nguo mbele ya kijiji kizima, na kwamba sasa amempa kura mtu aliyeua maua yake, kwa sababu yangu.

Naima aliendelea kukuna nazi. Kisha akasema nisilie. Alipofika mlangoni aliona kivuli cha fito chini, akajua jua liko wapi na watu wako wapi. Kalamu aliiweka kwenye picha ya Tawakali bila kuibonyeza. Akakohoa. Alipoinama akaweka karatasi gotini na kumtia alama Stefano.

Nilimkodolea macho. Mtu mmoja, kwa muda wa kikohozi kimoja!

Akasema hilo tunalijua yeye na mimi tu, na ni amana. Tawakali alikuwa ameshapita alfajiri kumwambia kwamba salfa yake itakuja Jumapili kwa gari la kwanza kabisa. Theresia naye alipita kisimani bila kumsalimu. Hilo lilimuuma, niliona. Alisema atavumilia mpaka korosho ziingie ghalani, kisha atamweleza mwenzake taratibu. Nikamwapia kwamba hakuna mtu wa Nyangamara atakayelisikia kutoka kwangu.

Njiani nilijisikia mwepesi. Ukilitazama vizuri jambo hili, kituturi hakikushindwa.

Alhamisi, 19 Juni

Siku mbaya. Bi Zakia amempa Kornelio kazi ya Kipatimu. Plaiwudi na bawaba. Nimeambiwa sababu ni usiri.

Barazani kwenye kahawa Kornelio alikuwa na hadithi nzima. Kule Nyangamara kituturi changu sasa wanakiita sinema. Watoto wamefunga shuka kwenye miti na wanaigiza Naima anavyopiga kura, mkono juu, kikohozi, anatoka. Watu walicheka mpaka wakamwaga kahawa. Idd wa dukani alicheka, na bafta ni yake.

Nilinyamaza. Nilikunywa kahawa ikiwa ya moto sana nikanyamaza. Ukweli ulikuwa hapa kooni, lakini nilinyamaza kwa ajili ya dada yangu. Nataka hili likumbukwe.

Ijumaa, 20 Juni

Nimemwambia Kornelio.

Nilifikiri kwa utulivu kabla. Niliapa kwamba hakuna mtu wa Nyangamara atakayelisikia. Kornelio ni mtu wa Rasbura. Tena sikumwambia barazani, nilimfuata karakanani kwake tukiwa wawili tu, baada ya swala. Nikampa mambo yalivyokuwa: kwamba kituturi kilimdanganya Tawakali mwenyewe, mchana kweupe, na kwamba plaiwudi yake huficha tu, wakati bafta yangu huonyesha kile mpiga kura anachotaka kionekane. Fundi gani mwingine amefika hapo?

Kornelio aliweka randa chini. Akasema hakuwahi kusikia jambo kama hilo. Uso wake ulijaa heshima. Akaapa kwamba hatamwambia mtu.

Kesho anakwenda Nyangamara kumfungia Tawakali milango mipya ya ghala, na atalala kwake. Nimefurahi, maana ni nafasi nzuri. Nimemwomba wakikaa kwenye chakula na mazungumzo yakifika kwenye sinema, akitetee kituturi changu bila kutaja jina la mtu. Aseme tu mjane mmoja, dada wa mvumbuzi.

Nimelala vizuri mchana. Mwanahija bado hajarudishiwa fito.

Jumapili, 22 Juni

Naima amepiga simu. Gari la salfa limepita mlangoni kwake bila kusimama. Alitoka barabarani akaita. Dereva hakumtazama, na yule kijana ni mtoto wa jirani, Naima amemlea. Amekwenda kwa Tawakali, akaambiwa akaombe kwa yule aliyemtia alama akiwa ameinama. Maua yameanza kufunguka, na ya upande wa bondeni yameshashika unga wa ubwiri.

Akaniuliza nilimwambia nani. Nikamjibu kwa dhamiri safi kwamba sijamwambia mtu yeyote wa Nyangamara. Akasema haya, mdogo wangu, akakata.

Nimeumia sana. Nilishindwa kula. Mwanahija aliponiona hivyo akanionea huruma, akanivuta chumbani, akanong'ona kwamba Naima amempigia yeye simu baadaye, na kwamba hatapotea. Theresia alikwenda kwa Naima mchana huu, baada ya maneno kuenea. Alikaa mlangoni akalia, wakaombana radhi. Ndani ya kapu, chini ya mihogo, alikuwa amemfichia nusu ya mfuko wa salfa yake mwenyewe. Wataipuliza kesho alfajiri, kabla watu hawajaamka, maana Tawakali akijua atawakatia na wao mgao uliobaki, na Stefano ana watoto wengi. Mwanahija alinishika mkono, akasema nisithubutu kufungua mdomo. Baadaye nilimwona uani anajilaumu peke yake, sijui kwa nini.

Nimemshukuru Mungu. Lakini hasira yangu haijatulia. Kuna mtu amevujisha siri ya dada yangu, na mtu huyo yuko Nyangamara, na sitapumzika mpaka nimjue. Bahati nzuri Kornelio ameniletea salamu kwamba bado yuko huko, hajamaliza milango. Ni mtu makini na anajua kunyamaza. Nimemwomba aniazimie sikio jioni hii kwa simu. Ili aweze kunisaidia vizuri lazima ajue kila kitu, kwa hiyo nitamweleza yote tangu mwanzo, pamoja na hili la kapu la Theresia.