Kaka Mkubwa wa Basi Namba Mbili

Alhamisi, 10 Aprili 2025

Saa kumi na mbili asubuhi, basi namba mbili la wafanyabiashara wa masoko ya kusini limeondoka Jangheung. Mimi, Pyo Gil-jun, muuza miavuli na viatu vya mpira, nimo ndani. Nimenyoa. Nimepaka nywele rangi. Koti jipya. Siku nne Seoul! Wenzangu wanakwenda kutazama kasri na maua ya cheri. Mimi nakwenda kwa ajili ya Bi. Tak Mi-ran wa Gangjin, muuza kimchi, ile kabichi ya kuchachushwa kwa pilipili, na katibu wa safari. Mwaka jana kwenye mkutano wa masoko alinipa kikombe cha chai na kuniambia nina sauti nzuri. Yeye mjane, mimi mgane. Tangu siku ile sijalala vizuri. Mpango wangu ni mmoja tu: kabla hatujarudi Jumapili, niwe nimemwomba tuishi pamoja.

Tatizo limepandia Haenam. Linaitwa Seon Cheol-ho, linauza majembe, lina mabega mapana. Limekaa moja kwa moja nyuma ya Bi. Tak. Hazikupita dakika kumi akaniuliza nimezaliwa mwaka gani. Swali la kawaida. Bila hilo watu wawili hawajui nani amwinamie nani, nani amimine na nani amiminiwe. Akatangulia kutaja wake: 1961. Akakohoa kwa majivuno.

Mimi ni wa 1962. Yaani nimwite kaka! Nimwamkie, mbele ya Bi. Tak! Mdomo wangu ukasema 1960 kabla sijaushauri.

Seon akashusha yale mabega mapana. Kisha akainama pale pale kitini. "Shikamoo, kaka."

Marahaba! Sijawahi kusikia neno tamu kama hilo. Bi. Tak akageuka, akanitazama kwa kitambo, akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba mtu hasahau mwaka aliomtesea mama yake. Akarudi kwenye daftari lake.

Mchana tulikula njiani. Meza nzima ilisubiri mimi ninyanyue kijiko. Watu wanane! Supu inapoa, wote macho kwangu. Nilinyanyua polepole sana.

Jioni hotelini walileta soju. Mdogo hanywi akimkabili mkubwa, sharti ageuze uso pembeni, na Seon ni mtu wa adabu. Kila glasi akageuka. Nilifurahi mpaka glasi ya tatu, nilipogundua anageukia upande gani. Bi. Tak alikuwa kushoto kwake! Mimi napewa kisogo, yeye anapewa tabasamu. Glasi saba. Nikatangaza kwamba kaka mkubwa amekataza pombe kwa ajili ya afya zao. Wakanishukuru kwa kuwajali.

Ijumaa, 11 Aprili

Siku mbaya, yenye dakika moja nzuri.

Tulikwenda kasri la Gyeongbok kwa treni ya chini ya ardhi. Seoul ukishafika miaka sitini na mitano unapanda bure, unaweka tu kitambulisho kwenye mashine. Seon alilitangaza hilo kituo kizima kikasikia. "Kaka, wewe hulipi! Lete kitambulisho nikuwekee, macho yako yasihangaike na hii mashine." Nikashika mfuko wangu kwa mikono miwili. Nikasema mimi si mtu wa kuinyonya nchi yangu, nitalipa kama kijana. Akaupigia makofi uzalendo wangu. Watu wa basi letu wote wakapiga makofi. Bi. Tak hakupiga.

Ndani ya treni Seon akanishika kiwiko, akanipeleka hadi viti vya wazee kwenye kona ya behewa, akamwomba bibi mmoja wa miaka themanini asogee. "Mama, samahani, kaka yetu huyu magoti yamekwisha." Bibi akanikagua toka viatu mpaka kichwa. Akauliza mzee gani huyu mwenye nywele nyeusi kama kiatu cha shule. Vituo kumi na kimoja nilikaa pale nikisikiliza habari za mgongo wake. Kwa mbali nawaona Seon na Bi. Tak wamesimama, wameshika mkanda mmoja wa juu.

Sasa nimemwelewa huyu mtu. Ataniheshimu mpaka anizike.

Kasrini mambo yale yale: wazee bure, kitambulisho mkononi. Lakini Pyo hakamatwi mara mbili! Anayevaa vazi la kale anaingia bure na haulizwi umri. Nikachomoka kwenye msafara, nikakimbilia duka la kukodi nguo ng'ambo ya barabara. Ijumaa, maua yamechanua, wageni tele. Lilibaki vazi moja la kimo changu. La mfalme. Jekundu, dragoni wa dhahabu kifuani, kofia yenye masikio nyuma. Sikuwa na la kufanya. Nikavaa ufalme.

Getini nilipita bila swali. Ndani, balaa! Watalii wa nchi za nje wakanizunguka. Wakapanga foleni wenyewe. Nikapigwa picha na familia kumi na nne, na bwana harusi mmoja ambaye alilia begani kwangu, sijui kwa nini. Nilipojinasua, msafara ulikuwa umeshazunguka kasri zima. Seon alikuwa amemnunulia Bi. Tak chapati ya sukari, na sukari bado ilikuwa kwenye mdomo wake.

Lakini Bi. Tak aliponiona! Alicheka mpaka akajifuta machozi. Akanisogelea, akaninyoosha kofia kwa mkono wake mwenyewe. Hiyo ndiyo ile dakika nzuri. Kisha, mkono ukiwa bado kwenye kofia, akauliza kwa sauti ya chini mfalme huyu kazaliwa mwaka gani hasa.

Seon alikuwa hatua mbili tu kutoka tulipo. Nikasema 1960.

Mkono ukaondoka.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo ilikuwa mlima Namsan. Ngazi nyingi, mnara juu, mji wote chini. Nimepanda milima tangu utotoni, mapafu yangu ni ya mbuzi. Nilikuwa nimeshakunja suruali. Seon akasimama mbele ya watu akasema hatakubali, hata kwa dawa, kaka mkubwa apande ngazi zile na baadaye yeye aulizwe na wanangu. Wakaunga mkono. Wengine waliniita shujaa kwa kutaka tu kujaribu. Yeye akapanda na Bi. Tak.

Nikawaza: vizuri. Kuna kigari cha kuning'inia kwenye waya, dakika tatu umefika. Nitawatangulia, wanikute juu nimeegemea ukuta, upepo unanipepea koti. Mpango safi! Foleni ya kigari ilikuwa saa moja na nusu. Nilifika juu nikiwa nimebanwa kati ya wanafunzi wa chekechea, nikawaona Seon na Bi. Tak wanaanza kushuka. Seon alinipungia mkono. Akaniuliza kwa kelele kama magoti hayajambo.

Mchana tulikula soko la Gwangjang, chapati za choroko zinazochirizika mafuta. Mama mwenye kibanda akatuuliza mkubwa nani, akaniwekea sahani ya kwanza. Ikaanza habari ya wanyama wa miaka, maana kwetu kila mwaka wa kuzaliwa una mnyama wake. Bi. Tak yeye ni farasi, wa 1966. Akasema marehemu mama yake alikuwa na orodha ya wanaofaa kuoana na wasiofaa. Farasi na ng'ombe, wananuniana mpaka kaburini. Hapo Seon, ng'ombe wa 1961, akakosa pa kuweka uso. Nilitaka kucheka kwa sauti! Farasi na panya, alisema tena, hakuna sahani inayosalia ndani ya nyumba.

Panya ni 1960. Panya ndiye mimi.

Halafu akasema, taratibu, anapanga vijiti vyake mezani: farasi na chui milia waliopishana miaka minne, hao hata mpiga ramli haulizwi, wanaoana tu.

Chui milia ni 1962. Chui milia ndiye mimi wa kweli! Miaka minne kamili! Seon nje ya mchezo, na mimi nimejitoa kwa mdomo wangu mwenyewe. Bi. Tak akanigeukia. Akasema zamani kule kwetu kusini wazazi walichelewa kuandikisha watoto, wengine waliharakisha, kwa hiyo miaka mingi imekosewa na si aibu ya mtu. Je, kwangu haikuwa hivyo?

Mlango umefunguliwa wazi! Ningesema tu ndiyo. Lakini Seon ananikodolea macho, yule mama ananiongezea chapati ya kwanza kutoka kikaangoni, na meza nzima imeshika vijiti hewani wanasubiri mimi nianze.

Nikasema panya kamili, mwezi wa Machi. Nikaanza kula. Chapati haikuwa na ladha yoyote.

Jumapili, 13 Aprili

Ushindi! Naandika basini.

Tulisimama njiani kununua vikeki vyenye kokwa za jozi ndani. Seon alikuwa amelala mdomo wazi. Nikamfuata Bi. Tak nyuma ya basi, nikamweleza yote kwa pumzi moja: 1962, chui milia, mdomo wangu, Seon, kofia. Nilimwambia pia kwamba nampenda. Nadhani hilo nililisema mara mbili.

Hakushtuka hata kidogo. Akafungua daftari, akanionyesha orodha ya bima ya safari. Pyo Gil-jun, 1962. Mwandiko wake mwenyewe! Alijua tangu kabla basi halijaondoka. "Nimekuuliza mara tatu, Bwana Pyo," alisema. "Nilikuwa nimeshaapa sikuulizi ya nne." Nikauliza kwa nini hakunifichua. Akasema si kazi yake kumvua mtu mzima nguo mbele ya basi zima.

Kisha akaninunulia kikeki. Akasema marehemu mume wake alimdanganya miaka kumi na tisa, vitu vidogo vidogo, mpaka akawa haamini hata akiambiwa mvua inanyesha. Alisema hivyo bila kulia, anatazama magari. Hatarudi huko tena. Jumapili ijayo niende kwake kula chakula na kaka yake, ambaye ndiye badala ya baba. Sharti ni moja tu: ukweli. Nikaapa kwa kaburi la baba yangu. Akasema nianze na Seon. Nikaapa na hilo.

Haenam, Seon akashuka. Akaniinamia mpaka kiunoni. "Kwaheri, kaka. Yatunze hayo magoti." Nilikuwa naanza kumwambia, basi likaondoka. Sawa, lilikuwa limesimama dakika tano, watu wanashusha mizigo. Lakini jua lilikuwa kali, na mtu ana safari ya kwenda kwake. Bi. Tak alikuwa ananitazama kupitia kioo cha dereva. Nitamwandikia Seon barua.

Jumapili, 20 Aprili

Gangjin. Boksi la pea mkononi, nywele zimepakwa upya. Toka kituo cha basi mpaka mlangoni nimetembea nikisema kimoyomoyo: sitini na mbili, sitini na mbili. Rahisi! Nambari tu!

Kaka yake anaitwa Tak Jae-u, fundi wa mabomba, shingo nene. Akanikaribisha, akanikalisha. Bi. Tak alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na bakuli la supu ya mwani, kavaa blauzi ya kijani, anatabasamu. Sijawahi kuona mtu ananitazama vile. Akanitikisia kichwa kunitia moyo.

Kaka akauliza mwaka wangu. Nikafungua mdomo, sitini na mbili iko tayari ulimini. Lakini hakungoja. Akasema yeye ni wa 1961, na kwa sura yangu anaona mimi ni mdogo wake, hivyo tusisumbuane. Akaninyooshea kikombe nimmiminie. Kwa mkono mmoja! Kama mtu anavyomnyooshea mtoto wa shule!

Nikasema 1960.

Akashtuka. Akakishika kikombe kwa mikono miwili, akainama, akaomba radhi. Shikamoo, kaka. Marahaba, nilisema. Nikasikia bakuli limewekwa chini. Bi. Tak hakutoka tena jikoni. Mwenyeji alisubiri ninyanyue kijiko, nikakinyanyua polepole. Supu ilikuwa nzuri sana, ingawa kiti cha kando yangu kilibaki kitupu mpaka mwisho.

Wakati wa kuondoka Bi. Tak alikuja mlangoni na boksi la pea, lote, halijafunguliwa. Macho mekundu. Akaniambia ni zito kwa mzee wa umri wangu, lakini nirudi nalo. Akafunga mlango bila kuubamiza.

Nimelipakata boksi hili mpaka Jangheung nikitafuta kosa langu liko wapi, na sasa nimelipata. 1960 iko karibu mno na 1961. Inaleta maswali. Mwezi wa kumi kuna safari ya Busan, na katibu ni yeye yeye. Nitakuwa wa 1958. Huo ni mwaka wa mbwa, na nimeuliza: mbwa na farasi wanapatana sana.